Dawa ya mifupa: utumie au usitumie? Hatua za kufikia uamuzi

Majibu ya kipimo cha mifupa yakitoka, mtu hupewa mambo mawili kwa mpigo: jina la ugonjwa ambao hausikii popote mwilini, na dawa atakayoitumia kwa miaka. Hakuna kinachouma. Anatembea, anapanda ngazi, anabeba mizigo yake. Akifungua boksi na kukunjua kile kikaratasi cha maelezo, anakuta habari za mfupa wa taya kufa na mfupa wa paja kuvunjika. Boksi linarudi kabatini. Karibu nusu ya wanaoanzishiwa vidonge hivi huwa wameviacha kabla mwaka haujaisha, na wengi hawajapata kukaa na mtu wa kuwapigia hesabu ya faida na hatari kwa hali yao wenyewe.

Mwongozo huu ni wa kupiga hesabu hiyo. Hauchukui nafasi ya daktari. Unakuandaa uketi mbele yake ukiwa na maswali yanayostahili dakika chache mlizonazo. Umeandikwa kwa wanawake waliokoma hedhi na wanaume waliopita miaka 50. Aliye chini ya hapo na mifupa yake imedhoofika anahitaji daktari bingwa, kwa sababu hesabu zake ni nyingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Aliyekwisha kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo asicheleweshe uamuzi. Ambaye hajavunjika ana muda wa kufikiri, na asikubali kusukumwa.

Hatua ya 1: Jiulize kama umeshavunjika

Kabla ya tarakimu yoyote, jibu swali hili: tangu utimize miaka 50, umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kutoka kimo chako cha kusimama, au chini ya hapo? Kuteleza bafuni, kujikwaa kizingitini, kukosa kipandio cha mwisho cha ngazi. Mfupa wenye afya hautarajiwi kuvunjika kwa mambo hayo. Nyonga au pingili ya mgongo ikivunjika namna hiyo, madaktari wengi huhesabu kuwa ni osteoporosisi, yaani mifupa iliyopoteza uzito na uimara wake, hata kama kipimo cha mashine hakijafikia kiwango cha ugonjwa.

Sababu ya kuharakisha ni kwamba kuvunjika huzaa kuvunjika. Aliyevunjika mara moja, uwezekano wake wa kuvunjika tena ni karibu mara mbili ya mwenzake wa umri ule ule ambaye hajavunjika, na hatari hiyo huwa kali zaidi katika miaka 2 ya mwanzo. Watu wengi hufungwa plasta, mkono unapona, plasta inakatwa, na hakuna anayeuliza kwa nini ulivunjika. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, uliza sasa.

Na kuna kuvunjika ambako mtu hajui kabisa. Takriban theluthi mbili ya pingili zinazovunjika hupita bila kugunduliwa: mgongo unauma wiki kadhaa, mtu anasema ni uzee au alibeba kitu kizito, maumivu yanapungua, maisha yanaendelea. Kwa hiyo pima kimo chako. Vua viatu, simama visigino na mgongo vikigusa ukuta, mtu akuwekee kitabu bapa utosini na alama ya penseli ukutani. Linganisha na kimo chako cha ujana, pengine kimeandikwa kwenye pasipoti ya zamani au faili la kazini. Ukikuta umepungua sentimita 4 au zaidi, omba eksirei ya mgongo, au picha ya pembeni ambayo baadhi ya mashine za kupima mifupa huweza kuipiga papo hapo. Pingili iliyobonyea ikionekana, mazungumzo yote na daktari yanabadilika, kwa sababu sasa uko upande wa waliovunjika.

Nyonga ndiyo inayotisha kuliko zote. Kati ya wazee 5 wanaovunjika nyonga, takriban 1 hufariki kabla mwaka haujapita, na wengi wa waliobaki hawarudi kutembea kama zamani. Nasema hivi kwa sababu kikaratasi cha dawa huorodhesha madhara ya dawa peke yake. Madhara ya kutotumia dawa hayajaandikwa mahali popote ndani ya boksi.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya kipimo mwenyewe

Kipimo cha DEXA ni eksirei yenye mionzi kidogo sana. Unalala dakika chache, mkono wa mashine unapita juu yako, na majibu yanatoka na safu za tarakimu. Tafuta alama ya T. Inalinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya, na mipaka yake iliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994: kuanzia -1 kwenda juu ni hali ya kawaida, kati ya -1 na -2.5 ni upungufu wa mfupa ambao haujawa ugonjwa, na -2.5 au chini ya hapo ni osteoporosisi. Angalia ile alama ya kutoa. Kadiri tarakimu inavyokwenda mbali chini ya sifuri ndivyo mfupa ulivyo dhaifu, kwa hiyo -3.1 ni mbaya kuliko -2.6.

Kwenye karatasi hiyo hiyo kuna alama ya Z, inayokulinganisha na watu wa umri wako. Usiitumie kujifariji. Kuwa sawa na wenzako wa miaka 80 hakumaanishi mifupa iko salama. Kazi yake ni nyingine: ikiwa chini ya -2, daktari anapaswa kushuku kuna kitu zaidi ya umri kinachokula mifupa yako.

Tazama pia tarakimu imetoka wapi. Karatasi huonyesha mgongo wa chini na nyonga, na mara nyingi hazilingani. Kwa mwenye uti wa mgongo uliochakaa, vijiti vya mfupa vinavyoota pembeni ya pingili huongeza uzito kwenye picha, na mgongo unaonekana imara kuliko ulivyo. Kwa mtu wa namna hiyo nyonga ndiyo ya kuaminiwa.

Na usiufanye -2.5 kuwa ukuta. Watu wengi wanaovunjika mifupa kwa kuanguka kidogo walikuwa na alama ambayo haikufika hapo. Mwanamke wa miaka 55 mwenye -2.5 na wa miaka 80 mwenye -2.5 wana karatasi zinazofanana, lakini hatari zao ziko mbalimbali kabisa. Ndiyo maana hatua inayofuata ipo.

Hatua ya 3: Pata asilimia yako

Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, kilitoa mwaka 2008 kikokotoo kinachoitwa FRAX. Kiko kwenye intaneti bila malipo na unaweza kukijaza mwenyewe. Kinauliza umri, jinsia, uzito, kimo, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi wako alivunjika nyonga, kama unavuta sigara, kama unatumia au umewahi kutumia dawa za steroidi (kama prednisoloni) kwa miezi, kama una baridi yabisi ya kinga, kama una ugonjwa mwingine unaodhoofisha mifupa, na kama unakunywa pombe vipimo 3 au zaidi kwa siku. Ukiwa na majibu ya DEXA, unaongeza tarakimu ya shingo ya mfupa wa paja.

Kinatoa asilimia mbili za miaka 10 ijayo: uwezekano wa kuvunjika mojawapo ya mifupa mikubwa (mgongo, nyonga, mkono wa chini au bega), na uwezekano wa kuvunjika nyonga peke yake. Chagua nchi kwa makini, kwa kuwa hesabu hutofautiana. Marekani, mwenye upungufu wa mfupa hushauriwa dawa akifika 20% kwa mifupa mikubwa au 3% kwa nyonga. Uingereza mpaka hupanda kadiri umri unavyopanda. Mipaka hii ni makubaliano ya wataalamu na imezingatia gharama pia. Mtu mwenye 19% hajatofautiana na mwenye 21%.

Kikokotoo hiki kina mapungufu, na hapa ndipo wewe unamsaidia daktari. Hakiulizi umeanguka mara ngapi. Ukianguka mara mbili ndani ya mwaka, hatari yako halisi iko juu ya ile unayoisoma. Hakitofautishi aliyevunjika mwezi uliopita na aliyevunjika miaka 15 iliyopita, wala aliyevunjika mara moja na aliyevunjika mara tatu. Hakitofautishi dozi ndogo ya prednisoloni na dozi kubwa. Na kwa mwenye kisukari cha aina ya 2 hutoa asilimia ndogo kuliko ukweli, kwa sababu mifupa ya mwenye kisukari huweza kuonekana mizito kwenye picha huku ikivunjika kirahisi.

Hatua ya 4: Hakikisha hakuna kinachokula mifupa chini kwa chini

Hii ni hatua fupi lakini isirukwe. Kabla ya dawa, damu ipimwe: kalsiamu, vitamini D, figo, tezi ya thairoidi, na pale daktari anaposhuku, homoni ya paratiroidi na protini zinazoashiria saratani ya uboho. Kwa mwanamume, testosteroni pia. Chukua dawa zako zote uende nazo, kwa kuwa steroidi, baadhi ya dawa za saratani ya matiti na ya tezi dume, dawa za kifafa na dozi kubwa mno ya homoni ya thairoidi hupunguza mifupa. Vitamini D ikiwa chini sana, irekebishwe kwanza. Sindano kali za mifupa zikikuta kalsiamu iko chini huishusha zaidi, na hilo ni jambo la hatari.

Hatua ya 5: Geuza asilimia ziwe watu

Ukisikia "dawa hii hupunguza kuvunjika kwa nusu," uliza: nusu ya ngapi?

Chukua wanawake 100 ambao FRAX yao ni 9%. Bila dawa, 91 hawatavunjika katika miaka 10 na 9 watavunjika. Tuseme dawa inapunguza kuvunjika kwa theluthi moja, kadirio linalofaa kwa mifupa yote ikichanganywa. Watakaovunjika wanakuwa 6. Watu 100 wametumia dawa, 3 wameepushwa.

Sasa chukua wengine 100 ambao FRAX yao ni 30%, tuseme wana miaka 75 na wameshavunjika mkono. Theluthi ile ile sasa ni watu 10. Dawa ni moja, asilimia ya punguzo ni moja, lakini faida imezidi mara tatu. Fanya hesabu hii kwa asilimia yako, kwa kalamu, kabla hujaenda kumwona daktari. Ni ya kukadiria, lakini inakuonyesha uko upande gani.

Majaribio makubwa yanatoa picha inayoendana. Utafiti wa asidi ya zoledroniki, dawa ya mifupa inayotolewa kwa dripu, uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuata wanawake wenye osteoporosisi kwa miaka 3. Kati ya waliopewa dripu isiyo na dawa, pingili mpya zilivunjika kwa 10.9%, kwa waliopata dawa, 3.3%. Nyonga zilikuwa 2.5% dhidi ya 1.4%. Utafiti wa mwaka 2009 wa denosumabu, dawa ya mifupa ya sindano, ulipata pingili 7.2% dhidi ya 2.3%, na nyonga 1.2% dhidi ya 0.7%. Unaona jinsi ulinzi wa mgongo ulivyo mkubwa kuliko wa nyonga. Kwa mifupa mingine kama mkono, faida ni ndogo zaidi. Anayekuahidi kwamba hutavunjika kabisa hakuambii kweli.

Kuna swali ambalo familia za wazee sana huliuliza kwa kunong'ona: je, si kuchelewa? Kwa dawa za kundi la bisfosfonati (vidonge vya wiki na ile dripu ya asidi ya zoledroniki), faida huanza kuonekana baada ya takriban mwaka mmoja. Mtu wa miaka 85 anayetembea na kula vizuri bado ana muda wa kufaidika. Aliye katika miezi ya mwisho ya ugonjwa mwingine hana haja ya kuongezewa mzigo huu.

Hatua ya 6: Weka madhara kwenye mizani hiyo hiyo

Hofu mbili ndizo zinazowafanya watu wafunge boksi.

Ya kwanza ni taya. Mfupa wa taya kufa na kubaki wazi mdomoni hutokea kweli. Kwa dozi za osteoporosisi hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 10,000 hadi 1 kati ya 100,000 kwa mwaka. Visa vingi vinavyosimuliwa ni vya wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa mno na za mara kwa mara. Cha kufanya ni chepesi: nenda kwa daktari wa meno kabla ya kuanza, jino lililooza ling'olewe na kidonda kipone kwanza. Ukishaanza, mwambie kila anayegusa meno yako kwamba unatumia dawa hii.

Ya pili ni mfupa wa paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida, katikati ya paja, pengine bila kuanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusu karibu wanawake 200,000 wa kusini mwa Kalifonia, ulipiga hesabu kwa kila wanawake 10,000 wanaotumia bisfosfonati kwa miaka 3. Kwa wanawake Wazungu, nyonga 149 ziliepushwa na mapaja 2 yalivunjika kwa sababu ya dawa. Kwa wanawake wenye asili ya Asia, nyonga 91 ziliepushwa na mapaja 8 yalivunjika. Hatari hupanda kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka, hushuka haraka baada ya kuacha, na huwa kubwa zaidi kwa wanaotumia steroidi pia. Kwa kawaida hutanguliwa na maumivu butu ya paja au kinena kwa wiki au miezi. Maumivu hayo kwa mtu anayetumia dawa hizi yanadai eksirei ya mapaja yote mawili, wala yasipozwe kwa dawa ya kuchua.

Madhara yatakayokupata kwa urahisi zaidi ni ya kawaida: kiungulia na kuchubuka kwa umio kwa vidonge, homa, baridi na maumivu ya mwili kwa theluthi moja hivi ya wanaopata dripu ya kwanza ya asidi ya zoledroniki. Hayo ya dripu huisha ndani ya siku chache, parasetamoli husaidia, na mara ya pili huwa hafifu. Mtu asiyeonywa hudhani dawa imemdhuru na haendi tena mwaka unaofuata. Ningetamani kila muuguzi aliseme hili kabla ya kuchoma sindano.

Hatua ya 7: Chagua dawa kwa kuuliza inavyoachwa

Watu huuliza dawa ipi ina nguvu. Uliza pia: nikiacha, nini kitatokea? Kwa maoni yangu swali hili ni zito kuliko lile la kwanza.

Bisfosfonati ndizo zinazoanziwa na wengi: alendronati ya miligramu 70 kwa wiki, risedronati ya miligramu 35 kwa wiki, au asidi ya zoledroniki ya miligramu 5 kwa dripu mara moja kwa mwaka. Ibandronati ya kila mwezi ipo pia, ila ushahidi wake wa kulinda nyonga ni dhaifu. Hizi hujishika kwenye mfupa na kubaki humo miaka. Kwa hiyo baada ya miaka 5 ya vidonge au 3 ya dripu, ambaye hatari yake imeshuka huweza kupumzishwa na bado akabaki na kinga kwa muda. Mwenye hatari kubwa huendelea, vidonge hadi miaka 10. Figo zikiwa dhaifu, yaani uchujaji ulio chini ya mililita 35 kwa dakika, alendronati na asidi ya zoledroniki kwa kawaida hazitolewi.

Denosumabu ni sindano ya chini ya ngozi kila miezi 6. Ni rahisi, ina nguvu, haichokozi umio. Lakini haibaki mwilini. Ukiacha au ukichelewa, mwili hubomoa mfupa kwa kasi kuliko kabla hujaanza, na baadhi ya watu wamevunjika pingili kadhaa kwa mkupuo. Sindano ikichelewa zaidi ya wiki 4 umeingia eneo la hatari. Kuiacha kunahitaji dawa nyingine ya kushika nafasi yake, mara nyingi bisfosfonati. Kwa hiyo usikubali sindano ya kwanza kabla hujaambiwa nani atakukumbusha ya pili, itapatikana wapi ukisafiri, na siku ya kuacha mtaingia dawa gani. Kwa wenye figo zilizoharibika sana, inaweza kushusha kalsiamu kwa kiwango cha kuhatarisha maisha, hivyo waitumie chini ya bingwa tu.

Teriparatidi na romosozumabu hujenga mfupa mpya, na hufaa aliyevunjika pingili kadhaa au mwenye alama iliyo chini sana. Ya kwanza unajichoma kila siku kwa muda usiozidi miaka 2. Ya pili huchomwa kila mwezi kwa miezi 12, na haipewi aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita. Zote mbili zinafuatwa na dawa ya kulinda kilichojengwa, la sivyo kinapotea.

Raloksifeni hulinda mgongo lakini si nyonga, hupunguza saratani ya matiti, na huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Homoni za ukomo wa hedhi hulinda mifupa yote, na zina maana zaidi kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60 ambaye tayari anasumbuliwa na joto la ghafla na kukosa usingizi.

Hatua ya 8: Jaribu asubuhi moja

Kama uamuzi unaelekea vidonge vya wiki, ifanyie mazoezi asubuhi hiyo kabla ya kununua. Unaamka, hujala, hujanywa chai wala kahawa. Unachukua glasi nzima ya maji matupu, si maziwa, si juisi, si maji yenye madini mengi. Unameza kidonge kizima ukiwa umekaa wima au umesimama. Kisha nusu saa hulali, huegemei mto, huinami kuvuta kitu chini ya kitanda, huli, humezi dawa nyingine yoyote. Vidonge vya kalsiamu hasa visubiri baadaye, kwa sababu vikikutana na dawa tumboni karibu yote hupita bure. Hata kwa kufuata yote haya, ni chini ya sehemu 1 kwa 100 ya kidonge inayoingia mwilini. Ukinywea chai ni kama hukumeza.

Je, utaweza kila wiki kwa miaka 5? Una shida ya kumeza, au umio uliobana? Unayemtunza anaweza kukaa wima nusu saa bila kusinzia? Jibu likiwa hapana, sema hivyo kwa daktari. Kidonge kinachomezwa vibaya huchubua umio na hakilindi mfupa. Dripu ya mara moja kwa mwaka inaondoa tatizo hilo lote.

Hatua ya 9: Keti na daktari

Nenda na karatasi ya DEXA, asilimia zako za FRAX, orodha ya dawa, tarehe za kila mfupa uliovunjika, na mtu wa kusikiliza pamoja nawe. Sema moja kwa moja: "Daktari, hatari yangu ni asilimia ngapi bila dawa, na ngapi nikitumia?" Halafu: "Tutajuaje kama inafanya kazi?" Jibu zuri litataja DEXA nyingine baada ya takriban miaka 2, ikiwezekana kwenye mashine ile ile, kwa kuwa mashine mbili zinaweza kutofautiana kuliko mfupa ulivyobadilika. Tarakimu kubaki pale pale ni mafanikio. Si lazima ipande. Mwisho: "Tutakaa lini kuamua kuendelea au kupumzika?" Wengi huanzishiwa dawa bila tarehe hiyo, ndiyo maana unakuta mtu ana miaka 12 anameza na hakuna aliyewahi kulifungua tena faili lake.

Ukiambiwa "lazima uanze leo" na hujavunjika mfupa wowote, una haki ya kuomba wiki mbili za kufikiri. Ukiwa umevunjika nyonga au pingili, wiki hizo mbili zitumie kumalizia vipimo vya damu na kumwona daktari wa meno.

Hatua ya 10: Amua, na uandike

Uamuzi wa "ndiyo" uwe na jina la dawa, siku ya kuanza, siku ya kipimo kinachofuata na mwaka wa kujadili mapumziko.

Uamuzi wa "hapana, kwa sasa" nao ni uamuzi halali kwa mwenye hatari ndogo, mradi uwe na kazi ndani yake. Kalsiamu ifike takriban miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa kwanza na vidonge vikijaza pengo tu. Vitamini D takriban yuniti 800. Fanya mazoezi ya kusimama na kubeba uzito, ya misuli ya mapaja na mgongo, na ya kusimama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na kitu cha kushika. Sigara iachwe. Macho yapimwe, dawa za usingizi zipitiwe upya, zulia linaloteleza liondolewe, taa ya njia ya kwenda chooni iwake usiku. Haya yanamhusu anayetumia dawa pia. Kalsiamu na vitamini D peke yake haziwezi kushika nafasi ya dawa kwa mwenye hatari kubwa.

Kisha andika chini ya uamuzi huo mambo yatakayokurudisha kwa daktari kabla ya wakati: kuvunjika mfupa wowote, kupungua kimo zaidi, maumivu mapya ya ghafla ya mgongo, kuanzishiwa steroidi kwa miezi 3 au zaidi, au kuanza kuanguka. Karatasi hiyo ibaki ndani ya bahasha ya DEXA, na nakala yake apewe mtu unayeishi naye.